Matawi ya kupandia katika kizimba cha kinyonga

Matawi ya kupandia ni matawi ya miti halisi yanayowekwa ndani ya kizimba cha wavu ili kinyonga anayetunzwa humo aweze kutembea, kuota jua, kunywa, kuwinda na kulala juu ya ardhi kama afanyavyo porini. Kuyakaza matawi hayo ni sehemu muhimu ya ujenzi wa kizimba, kwa sababu wavu wenyewe hauwezi kubeba mzigo, na tawi likianguka linaweza kumvunja mnyama mifupa au kumuua. Kanuni kuu ya kazi hii ni kwamba fremu ibebe matawi yote na wavu usibebe kitu.

Mifano mingi ya makala hii inahusu vinyonga wa Milima ya Usambara nchini Tanzania, hasa wa upande wa Lushoto na Rangwi. Baadhi ya spishi za huko hutunzwa na kuzalishwa vizimbani Ulaya na Marekani, na mahitaji yao yanaeleweka vizuri zaidi mtu akianza na mahali wanapotoka.

## Vinyonga wa Rangwi na Usambara

Rangwi ni kata ya Wilaya ya Lushoto katika Mkoa wa Tanga. Iko katika Usambara Magharibi, kwenye njia ya watembea kwa miguu inayotoka Lushoto kwenda Mtae. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo inajulikana kwa wingi wa mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Hali ya hewa ya huko juu ni ya baridi kuliko pwani: mchana kuna jua na usiku ubaridi, na ukungu hutanda mara nyingi.

Kinyonga anayeonekana kwa urahisi upande huo ni kinyonga pembe-mbili wa Usambara Magharibi (*Kinyongia multituberculata*). Dume lake lina pembe mbili bapa zinazotokeza mbele ya pua. Huishi msituni, lakini pia katika vichaka, bustani na kando ya barabara. Spishi hii ilielezwa na Mjerumani Fritz Nieden mwaka 1913. Kwa miaka mingi iliunganishwa na kinyonga wa Fischer (*Kinyongia fischeri*) wa milima ya Nguru na Nguu, mpaka uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulipozitenganisha. Ndiyo sababu wanyama wa Usambara waliouzwa zamani ng'ambo waliitwa “wa Fischer”. Jina la jenasi *Kinyongia*, lililotolewa mwaka 2006, limetokana na neno la Kiswahili “kinyonga”.

Spishi nyingine za Usambara ni hizi:

* *Kinyongia matschiei* na *Kinyongia vosseleri* za Usambara Mashariki. Ya pili ilipewa jina la Julius Vosseler, mwanazuolojia wa taasisi ya utafiti ya Amani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.
* *Trioceros deremensis*, kinyonga pembe-tatu, anayepatikana Usambara na katika safu nyingine kadhaa za milima ya mashariki mwa Tanzania.
* *Rhampholeon spinosus*, mwenye kiungo cha miibamiiba puani, anayepatikana Usambara tu.
* *Rhampholeon viridis* na ndugu zake wengine wadogo wenye mkia mfupi, wanaofanana na jani kavu na wanaoishi karibu na ardhi.

Njia rahisi ya kuwaona ni kwenda usiku na tochi. Kinyonga akilala hupauka, hivyo mwilini mwake mwanga huakisiwa vizuri kuliko kwenye majani. Mara nyingi hulala kwenye ncha ya kijitawi chembamba, mahali ambapo nyoka akikaribia kijitawi hutikisika na kumwamsha. Jambo hili lina maana kwa anayejenga kizimba: mnyama huyu hutumia tawi nene mchana na kijitawi chembamba usiku, na anahitaji vyote viwili.

## Miguu, mkia na tawi

Vidole vya kinyonga vimeungana katika mafungu mawili, na mguu wake hufanya kazi kama koleo. Katika miguu ya mbele kuna vidole viwili upande wa nje na vitatu upande wa ndani. Katika miguu ya nyuma ni kinyume chake. Mguu wa namna hii umeumbwa kwa ajili ya kukumbatia kitu cha mviringo. Kwenye ubao bapa hauna cha kukumbatia, na kwenye bomba laini la plastiki kucha hazipati pa kushika.

Mkia wa vinyonga wengi ni kama mguu wa tano. Kinyonga anapotaka kuvuka pengo hujifunga kwa mkia na miguu ya nyuma, kisha hunyoosha mwili mpaka miguu ya mbele ifike tawi la pili. Wakati huo uzito wake wote huwa kwenye sehemu moja ya tawi la nyuma, tena ukivuta kwa mshazari. Tawi linalozunguka au kuteleza wakati huo humwangusha.

Vinyonga wadogo wa jenasi *Rhampholeon* wana mkia mfupi usio na nguvu ya namna hiyo. Hao hawahitaji matawi marefu ya juu, ila vijitawi vingi vyembamba karibu na sakafu yenye majani makavu.

## Kizimba cha wavu

Kinyonga wa milimani huhitaji hewa inayopita, kwa hiyo kizimba chake hutengenezwa kwa wavu pande zote au karibu zote. Sanduku la kioo hushika joto na unyevu uliotuama. Vipimo vinavyotumika sana kwa kinyonga mmoja wa ukubwa wa kati ni sentimita 45 kwa 45, na kimo cha sentimita 90. Wakubwa hupewa sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120. Madume hupigana, hivyo kila mnyama hukaa peke yake.

Kizimba kina sehemu mbili zinazopaswa kutofautishwa. Ya kwanza ni fremu, ambayo ni mifupa ya kizimba, ya aluminiamu au ya mbao kavu. Ya pili ni wavu, ambao kazi yake ni kupitisha hewa na mwanga na kuzuia mnyama na wadudu wa chakula wasitoke. Wavu wa aina ile ya kuzuia mbu madirishani, uwe wa aluminiamu au wa nyuzi za plastiki, hushikiliwa kwenye fremu kwa kamba ya mpira iliyoshindiliwa ndani ya mfereji mwembamba, au kwa pini. Ukivutwa kuelekea ndani kwa muda mrefu, hulegea, hutoka kwenye mfereji au huchanika.

Wavu uliochanika una hatari ya pili, nayo ni mnyama kutoroka. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson (*Trioceros jacksonii*) waliosafirishwa kutoka Kenya kwa ajili ya kuuzwa walitoka mikononi mwa watu katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Wakazaliana, na leo wanaishi huko porini na kula wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo.

## Mzigo ni tawi lenyewe

Watu wengi hudhani kwamba tawi linahitaji kukazwa ili limbebe kinyonga. Kwa kweli kinyonga wa kawaida wa Usambara hafiki robo kilo. Mzigo mkubwa ni tawi lenyewe, maji yanayolilowesha, na vyungu au mimea inayotundikwa juu yake.

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hili. Tawi bichi lenye kipenyo cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 60 lina mjao wa takriban sentimita za ujazo 420. Mti mbichi ukiwa mwepesi kidogo kuliko maji, tawi hilo lina uzito unaokaribia gramu 400. Likifungwa ncha zote mbili, kila ncha inabeba nusu, yaani gramu 200.

Hali hubadilika tawi hilohilo likifungwa ncha moja tu na kuachwa linaning'inia hewani. Chukulia kwamba limefungwa kwa mafundo mawili: moja mwisho kabisa wa tawi na jingine sentimita 3 kutoka hapo. Sasa tawi ni wenzo, na fundo la pili ndilo egemeo. Kitovu cha uzito kiko sentimita 27 kutoka kwenye egemeo, na fundo la kwanza liko sentimita 3 tu upande wa pili. Gramu 400 mara 27, gawanya kwa 3, ni gramu 3,600. Fundo la kwanza linavutwa kwa nguvu ya uzito wa zaidi ya kilo tatu na nusu, ingawa tawi halina hata nusu kilo. Ndiyo maana tawi lililofungwa ncha moja huonekana imara siku ya kwanza na kuinama baada ya wiki chache.

Kutokana na hesabu hiyo zinapatikana kanuni tatu:

1. Kila tawi nene lifungwe mahali pawili au zaidi, na mafundo yaachane kadiri inavyowezekana.
2. Kila fundo liishie kwenye fremu, kwenye upapi uliofungwa kwenye fremu, au kwenye tawi jingine ambalo tayari limekazwa kwenye fremu.
3. Matawi yaliyofungwa ncha moja yawe membamba na mafupi, kama vile vijitawi vya kulalia.

## Kuchagua tawi

Tawi zuri lina gome lenye kukwaruza kidogo, halina miiba, halitoi utomvu, na linapinda kabla ya kuvunjika. Katika milima ya Lushoto mpera na mbuni hutoa matawi ya namna hiyo, tena kwa wingi wakati wa kupogolea. Mpera husifiwa kwa ugumu wake, ila gome lake ni laini na hubambuka, hivyo yafaa kuchagua matawi yenye vifundo na mapanda.

Unene unaofaa hupimwa kwa mguu wa mnyama. Njia kuu za kizimba ziwe na unene ambao mguu unaukumbatia zaidi ya nusu ya mzingo bila vidole kukutana. Matawi mengine yawe mazito kidogo, mengine membamba kama penseli, na ya kulalia membamba zaidi. Unene wa aina moja kizimba kizima huuchosha mguu mahali palepale kila siku.

Miti ifuatayo haifai:

* Misonobari na mikipresi. Gome lake lina ulimbo unaonata miguuni, na harufu yake ni kali. Mbao zake zilizokaushwa zinafaa kwa fremu, na katika wilaya ya Lushoto zinapatikana kwa sababu ya mashamba ya miti kama lile la Shume.
* Minyaa na jamii yake. Utomvu wake mweupe huunguza macho na ngozi.
* Oleanda. Mmea wote ni sumu, pamoja na gome na majani.
* Matawi yaliyooza au kutobolewa na wadudu. Hayashiki skrubu wala fundo.

Mahali tawi linapokatwa pana uzito sawa na aina ya mti. Lushoto ni eneo la kilimo cha kabichi, nyanya na viazi, na dawa za wadudu hupuliziwa mara kwa mara. Tawi lililosimama kando ya shamba la nyanya linaweza kuwa na dawa kwenye gome, na kinyonga hulamba maji yanayotiririka juu ya gome hilo. Tawi lichukuliwe mahali ambapo mwenye shamba anathibitisha kwamba hapapuliziwi dawa. Lisikatwe ndani ya msitu wa hifadhi, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, kwa kuwa kuvuna mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

## Kusafisha na kukausha

Tawi linapoletwa kutoka shambani huwa na wageni: sisimizi, mchwa, buibui, pengine nge chini ya gome lililoinuka. Kwanza ligongwe chini mara kadhaa, kisha gome lililolegea libanduliwe. Halafu lisuguliwe kwa brashi na maji safi, limwagiwe maji yanayochemka, na lianikwe juani mpaka likauke. Matawi mafupi yanaweza kuingizwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwa nusu saa au zaidi, yakiangaliwa muda wote. Dawa kali za kusafishia vyoo zisitumike, kwa kuwa huingia ndani ya mti na kubaki humo.

Kukausha kuna faida nyingine inayohusu mafundo. Mti mbichi unapokauka hunywea. Hunywea sana kwa unene, na kidogo mno kwa urefu. Kwa hiyo tawi bichi lililofungwa barabara litabaki na urefu wake, lakini fundo lililolizunguka litakuwa limelegea baada ya majuma machache. Tawi lililokaushwa kwanza halina tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Anayelazimika kutumia tawi bichi akaze mafundo upya baada ya wiki ya kwanza, na tena baada ya mwezi.

## Njia za kukaza

### Papi za kubebea

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote na haiugusi wavu. Vipande vyembamba vya mbao kavu, vyenye upana wa sentimita 2 hadi 3, hukatwa kwa urefu wa upande wa kizimba na kukazwa kwa skrubu kwenye nguzo mbili za fremu, kwa ndani. Kizimba chenye kimo cha sentimita 90 hutosha papi mbili kila upande: moja kwenye theluthi ya juu na nyingine katikati. Matawi, mimea na vyungu vyote hufungwa kwenye papi hizo. Mzigo unatoka tawini kwenda kwenye upapi, kutoka upapini kwenda kwenye nguzo, na kutoka nguzoni kwenda sakafuni.

### Skrubu kutoka nje

Ncha ya tawi ikifika kwenye fremu ya mbao, skrubu inaweza kupitishwa kutoka nje ya fremu na kuingia ndani ya tawi. Kwanza tobo litobolewe kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, la sivyo tawi litapasuka. Ikumbukwe kwamba skrubu inayoingia kwenye ncha ya tawi, sambamba na nyuzi za mti, haishiki vizuri kama ile inayoingia ubavuni. Kwa hiyo skrubu ya nchani iwe ndefu, na ikiwezekana tawi likatwe mshazari ili skrubu ipite kwenye nyuzi nyingi zaidi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kizimba hunyunyiziwa maji kila siku. Ncha ya skrubu isitokeze upande wa pili.

### Kufunga

Vifaa vya kufungia ni vitatu, na kila kimoja kina tabia yake.

*Mkanda mwembamba wa plastiki*, ule wanaotumia mafundi umeme kukusanyia nyaya, hukazwa kwa urahisi na hauozi kwa maji. Mkia wake ukatwe sawasawa na kichwa, kwa kuwa kipande kinachobaki ni kikali kama wembe. Jua na taa ya mionzi huufanya uwe mkavu na kukatika, hivyo ubadilishwe kila mwaka.

*Waya* wa aluminiamu au wa chuma uliofunikwa kwa plastiki unafaa kwa matawi mazito. Ncha zake zisokotwe na kulazwa upande wa nje wa kizimba. Waya wa kufungia nondo za ujenzi hushika kutu haraka na haufai.

*Kamba ya katani* inapatikana kila duka la Mkoa wa Tanga, ambako zao hilo lililetwa mwaka 1893. Ina nguvu na inapendeza, lakini ikilowa kila siku huoza kuanzia ndani. Nyuzi zinazochomoka zinaweza kujisokota kwenye kidole cha kinyonga na kuzuia damu. Inafaa kwa kazi ya muda, na fundo lake likatwe karibu.

### Kibao cha nje

Kizimba kidogo ambacho fremu yake haifiki mahali panapotakiwa kinaweza kusaidiwa na kibao. Kibao chembamba, kirefu kiasi cha kufika nguzo za fremu pande zote mbili, huwekwa nje ya wavu. Waya hupita kwenye tawi, hutoka kupitia matundu ya wavu, na kufungwa kwenye kibao. Kibao kikiegemea nguzo, mzigo huenda kwenye nguzo. Kibao kifupi kinachoegemea wavu peke yake husambaza tu mvuto kwenye eneo kubwa zaidi, na kinafaa kwa vijitawi vyepesi pekee.

### Tawi la kusimama

Panda kubwa linaweza kusimikwa kwenye ndoo ya zege au chungu kizito chenye mawe, kisha kilele chake kifungwe kwenye upapi. Kitako peke yake hakitoshi, kwani tawi refu huvuta kama mlingoti. Kamwe lisisimikwe kwenye udongo ambao jike atatagia. Vinyonga wengi wa Usambara hutaga mayai, na jike huchimba handaki kabla ya kutaga. Akichimba chini ya tawi au jiwe zito, udongo hutoweka na mzigo humwangukia.

### Njia zisizofaa

Tawi lililokatwa refu kidogo na kubanwa kati ya kuta mbili za wavu husukuma wavu nje na kuanguka linaponywea. Gundi kati ya tawi na wavu hubanduka kwa unyevu. Pini zinazochomwa kupitia wavu zinaweza kushika kijitawi, lakini zikidondoka ndani ya kizimba mnyama anaweza kuzinasa pamoja na mdudu anapotoa ulimi.

## Mpangilio ndani ya kizimba

Njia kuu hupangwa kwanza, matawi madogo baadaye. Tawi la kuotea jua huwekwa juu, kwa mlalo, chini ya taa. Umbali wake na taa hupimwa kwa kipimajoto kilichowekwa mahali mgongo wa kinyonga utakapokuwa, juu ya tawi. Kwa vinyonga wa milimani joto la hapo lisizidi sana nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Tawi hili likazwe kuliko yote, maana likipanda sentimita chache kuelekea taa mnyama huungua mgongoni, naye mara nyingi hasogei mpaka amekwisha kuumia.

Kutoka hapo matawi ya mshazari hushuka hadi theluthi ya chini, ili mnyama apate mahali pa baridi bila kupita kwenye wavu. Asipokuwa na njia ya tawi atapanda wavu, na kucha hunasa kwenye matundu. Kinyonga anayejinasua kwa nguvu anaweza kung'oa ukucha, na kidonda huingia vijidudu. Pengo kati ya tawi na tawi lisizidi urefu wa mwili wake bila mkia.

Majani yasisahauliwe. Tawi tupu humwacha mnyama wazi, na vinyonga wanaojiona wazi hukosa raha na kuacha kula. Mimea hai kwenye vyungu iliyotundikwa kwenye papi humpa maficho na matone ya kunywa. Sehemu ya mbele, karibu na mlango, iachwe nyeupe ili mtunzaji aingize mkono bila kugusa matawi.

## Ukaguzi

Kabla ya kumwingiza kinyonga, kila tawi hujaribiwa kwa mkono: kulivuta chini, kulisukuma pembeni, na kujaribu kulizungusha. Kipimo kinachofaa ni kutundika juu yake kitu chenye uzito mara kadhaa wa mnyama, kama chupa ya maji ya nusu lita, na kuiacha usiku mzima. Kisha wavu unaangaliwa kutoka nje. Ukionekana umevutwa au umebonyea mahali popote, kuna tawi linaloutegemea.

Baada ya hapo ukaguzi hufanyika kila mwezi. Mambo ya kutazama ni mafundo yaliyolegea, kutu, ukungu mweupe kwenye gome, nyufa kwenye ncha zenye skrubu na alama za tawi kuteleza.

Kinyonga anayeanguka mara kwa mara ingawa matawi ni imara ana tatizo jingine. Mara nyingi ni udhaifu wa mifupa unaotokana na upungufu wa kalisi, au wa vitamini D3 ambayo mwili huitengeneza kwa mionzi ya jua. Dalili zake ni miguu iliyopinda, taya laini na mshiko dhaifu. Mnyama huyo anahitaji daktari wa mifugo, na matawi yake yashushwe karibu na sakafu mpaka apone.

## Sheria

Nchini Tanzania vinyonga ni wanyamapori wanaohusika na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kuwakamata au kuwamiliki kunahitaji kibali. Biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao umewaorodhesha katika Kiambatisho cha II. Vinyonga wadogo wa jenasi *Rhampholeon* na *Rieppeleon* waliongezwa kwenye orodha hiyo na mkutano uliofanyika Johannesburg mwaka 2016. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Kwa sababu hiyo kizimba cha wavu kina nafasi yake katika utafiti, elimu na utunzaji wa wanyama waliozaliwa kizimbani. Spishi yenye makazi madogo kama *Kinyongia multituberculata* haiwezi kufidia kwa urahisi wanyama wanaotolewa msituni, na kila anayekufa kwa kuangukiwa na tawi nchi za nje huweza kuongeza hamu ya kutafuta mwingine. Huko Rangwi kwenyewe mtu hahitaji kizimba ili kumwona: vichaka vya kando ya njia bado vina matawi ya kumtosha, mradi visifyekwe vyote.